Kuzima nyuzi usizozipiga: mwongozo kamili kwa mpiga gitaa

Chukua gitaa. Bana uzi wa tatu (hesabu kuanzia ule mwembamba kuliko wote) kwenye freti ya pili (freti ni vile vipande vya waya vinavyokatiza shingo), upige mara moja kwa nguvu, kisha uguse uzi huohuo ili unyamaze. Nyuzi nyingine usiziguse. Sasa sikiliza: noti yako imekwisha lakini gitaa bado linavuma. Unaovuma ni uzi wa tano, ambao hukuugusa hata kidogo. Ulichopiga ni A ya mitikisiko 220 kwa sekunde. Uzi wa tano ukiwa wazi hutikisika mara 110, nusu yake hasa, kwa hiyo mwenzake akiita, nao unaitikia. Rudia kwa kubana uzi wa nne, freti ya pili. Hiyo ni E, na safari hii uzi wa sita ndio utakaojibu.

Kwenye gitaa kavu, lisilo la umeme, mwitikio huo ni mdogo na mara nyingine ni mtamu. Washa amplifaya uongeze distosheni, mambo yanageuka. Distosheni hupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo: kubwa inawekewa dari, ndogo inanyanyuliwa. Mvumo uliokuwa wa kusikika kwa kutega sikio sasa unakaribia kulingana na noti yenyewe. Ndiyo maana mtu hupiga solo safi chumbani gitaa likiwa halijachomekwa, akifika jukwaani inakuwa vurugu.

Mimi hili lilinifumania studio. Fundi mitambo alizima ngoma na besi ili tusikilize gitaa langu peke yake, na nilichosikia kilinitia aibu: chini ya kila noti kulikuwa na mkia mrefu wa milio ambayo sikuwa nimeipiga. Nikasingizia nyuzi, nikazibadilisha. Nikasingizia waya. Gitaa halikuwa na kosa lolote. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ukipiga uzi mmoja, nyuzi tano zilizobaki nazo ni kazi yako.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja: kila uzi uwe na mlinzi, na mlinzi asiondoke lindoni kabla wa zamu hajaingia. Mengine yote ni kujua nani analinda wapi.

Tuelewane kwanza kwa majina

Uzi wa kwanza ni ule mwembamba kuliko wote, wa sita ni mnene kuliko wote. Maneno "juu" na "chini" nitayakwepa, maana yameshawachanganya wanafunzi wengi: kwa mkono, uzi ulio juu ni mnene, kwa sikio, sauti ya juu ni ya uzi mwembamba. Nitasema nyuzi nene na nyuzi nyembamba tu.

Mikono nayo nitaiita mkono wa shingo (unaobana freti) na mkono wa piki (unaopiga, kwa kile kipande kidogo kigumu kiitwacho piki), ili anayetumia mkono wa kushoto kupiga asilazimike kugeuza kila sentensi kichwani. Vidole vya mkono wa shingo ni cha shahada, cha kati, cha pete na kidogo. Uzi wazi ni uzi usiobanwa popote.

Kelele zinatoka wapi

Ya kwanza tumeshaiona: uzi unaitikia noti ya uzi mwingine. Ya pili ni ya kidole kinachoondoka. Unapoinua kidole kutoka kwenye uzi uliobanwa, ngozi ya ncha huukwanyua kidogo, na uzi wazi ukalia. Hutaisikia ukipiga polepole bila umeme, lakini ndiyo kelele inayoharibu solo nyingi kuliko zote. Ya tatu ni ya piki yenyewe kugonga uzi wa jirani. Hii ya tatu watu huitibu kwa kujifunza kulenga vizuri, na kulenga ni kuzuri, ila uzi uliozimwa hata ukigongwa hutoa "tk" tu ambayo haina noti. Mpigaji aliyezima vizuri anaweza kukosea shabaha usiku kucha na asijulikane.

Kuna pia mkwaruzo wa vidole vinapoteleza juu ya nyuzi nene. Huo dawa yake ni kuinua mkono kabla ya kuhama freti, nao hautuhusu hapa.

Mgawanyo wa kazi

Kanuni ya msingi: nyuzi zilizo nene kuliko ule unaoupiga ni za mkono wa piki, nyuzi zilizo nyembamba kuliko huo ni za mkono wa shingo. Uzi mmoja tu una walinzi wawili, nao ni jirani mnene wa uzi unaoupiga, ambao ncha ya kidole cha shahada huugusa hata kama kiganja nacho kipo karibu.

Tuchukue mfano wa uzi wa tatu. Ukingo wa kiganja cha mkono wa piki, upande wa kidole kidogo, umelala juu ya uzi wa sita na wa tano. Ncha ya kidole cha shahada, kinachobana uzi wa tatu, imesogea kidogo mbele hadi inagusa uzi wa nne. Tumbo la kidole hichohicho limelala kwa wepesi juu ya uzi wa pili na wa kwanza. Hesabu: sita, tano, nne, mbili, moja. Zote zina mtu.

Ukihamia uzi wa kwanza, mkono wa shingo unabaki na jirani mmoja tu, uzi wa pili, na kiganja kinapaswa kufunika wa sita hadi wa tatu. Ukirudi uzi wa sita, kiganja hakina kazi kabisa na kidole cha shahada ndicho kinacholala juu ya tano zilizobaki. Kwa hiyo kadiri unavyoelekea nyuzi nyembamba, mkono wa piki unabeba mzigo zaidi. Ukirudi kwenye nene, mzigo unahamia shingoni. Ukielewa hilo, sehemu kubwa ya kazi umeshaimaliza kichwani. Vidole vitafuata baadaye.

Hatua ya kwanza: kidole cha shahada kilicholala

Wengi tulifundishwa kusimamisha vidole kama nyundo, ncha ikigusa uzi kwa pembe ya mraba. Kwa kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) za uzi wazi hilo ni sawa, kwa sababu hutaki kumgusa jirani. Kwa noti moja moja ni kinyume: unataka kumgusa.

Bana uzi wa tatu, freti ya 6, kwa kidole cha shahada. Badala ya ncha kamili, tumia sehemu ya nyama iliyo nyuma kidogo ya ncha, na uache kidole kilale kuelekea nyuzi nyembamba. Piga uzi wa pili na wa kwanza kwa piki: usikie "tk, tk" isiyo na noti. Kama zinalia, kidole kimesimama mno. Kama zinatoa noti iliyobanwa, umezikandamiza. Kugusa ni kugusa tu. Uzi haushuki hadi kwenye freti.

Sasa sukuma ncha mbele, unene wa karatasi chache, mpaka imguse jirani mnene. Piga uzi wa nne. "Tk" tena. Kama kucha ni ndefu hutafanikiwa, kwani itagonga ubao wa shingo kabla nyama haijafika, kwa hiyo zikate kwanza.

Vidole vingine vinapobana, cha shahada hakipumziki. Ukipiga noti kwa kidole cha pete freti ya 8, cha shahada kinabaki nyuma yake, kimelala, kikilinda. Kosa la kawaida hapa ni kukiinua hewani kwa sababu "hakina noti". Kina kazi kubwa kuliko kilicho na noti.

Hatua ya pili: ukingo wa kiganja

Weka mkono wa piki kana kwamba unataka kupiga karate daraja la gitaa (pale nyuzi zinapokalia mwilini mwake), kisha ulegeze. Nyama ya upande wa kidole kidogo ndiyo itakayolala juu ya nyuzi nene, karibu na daraja. Ukiiweka nyuma ya mahali nyuzi zinapokalia, haizimi kitu. Ukiisogeza mbele mno kuelekea shingo, inazima sawasawa lakini mkono unakosa nafasi ya kupiga. Tafuta mahali ambapo uzi ukiguswa unakufa, na piki bado inafika kwa starehe.

Msichanganye hili na ile mbinu ya kupiga uzi huku kiganja kikiwa juu yake ili utoe mlio mfupi wa "chug". Nyama inayotumika ni ileile, mahali ni palepale, ila pale kiganja kiko juu ya uzi unaopigwa na hapa kiko juu ya nyuzi zisizopigwa. Inafaa uweze kutoka moja kwenda nyingine kwa kuusogeza mkono kidogo tu.

Tahadhari kwa wenye daraja linaloelea, lile la kushikiwa na springi na kutikiswa kwa mkono wa chuma: ukiliegemea kwa nyuma, sauti ya nyuzi zote inapanda. Kiganja kiguse nyuzi, kisiegemee chuma.

Wapo wanaotumia dole gumba la mkono wa piki badala ya ukingo wa kiganja. Wanalilaza dole lote, pamoja na nyama ya shina lake, juu ya nyuzi nene huku piki ikifanya kazi mbele yake. Mabishano ya ipi bora hayaishi. Mimi natumia kiganja kwenye nyuzi nene na za katikati, na nikiwa kwenye uzi wa kwanza au wa pili mkono wenyewe unajigeuza na shina la dole gumba linachukua zamu. Jaribu zote mbili wiki mojamoja. Mkono wako una umbo lake.

Mtego wa freti ya 5, 7 na 12

Hapa ndipo wanaoanza kuzima hukata tamaa. Wanagusa uzi kwa wepesi, kama walivyoambiwa, na badala ya kunyamaza unatoa mlio mwembamba wa kengele. Sababu ni kwamba freti ya 12 iko nusu ya urefu wa uzi, ya 7 iko theluthi, ya 5 iko robo. Uzi ukiguswa mahali hapo kwa nukta moja hauzimiki. Unajigawa vipande na kuendelea kutikisika. Hiyo ndiyo harmoniki.

Dawa ni kugusa mahali pawili. Vidole viwili vikilala juu ya uzi, kimoja juu ya freti ya 7 na kingine juu ya ya 8 au 9, mgawanyo unavurugika na uzi unakufa. Ndiyo maana unapozima nyuzi zote kwa mkono wa shingo ni bora ulaze vidole vitatu au vinne kwa pamoja kuliko kimoja. Ukibanwa na nafasi, songa kutoka juu ya waya wa freti uwe katikati ya freti mbili. Inasaidia, ingawa si kama kidole cha pili.

Hatua ya tatu: kuhama uzi bila kuacha mlango wazi

Kukaa kwenye uzi mmoja ni rahisi. Kelele huzaliwa wakati wa kuhama.

Ukitoka uzi mnene kwenda mwembamba, tuseme wa nne kwenda wa tatu, uzi wa nne ulikuwa unalia na sasa haufai. Kidole kilichoubana kilegee kwanza bila kuondoka: shinikizo linaisha, ngozi bado inagusa. Noti inakufa. Wakati huohuo kiganja kinasogea uzi mmoja na kuufunika. Ndipo kidole kinapokuwa huru kwenda kwingine. Kulegea, kupokelewa, kuondoka. Kwa kasi mambo hayo matatu yanakuwa tendo moja, lakini usianze kwa kasi.

Ukitoka mwembamba kwenda mnene ni rahisi zaidi, kwa sababu kidole kinachofika kwenye uzi mnene kikiwa kimelala kinaufunika ule mwembamba chenyewe. Ila kiganja lazima kirudi nyuma, la sivyo kitauzima uzi mpya unaoutaka. Noti ikitoka imekufa, mshitakiwa wa kwanza ni kiganja kilichochelewa kurudi.

Shida yenye jina lake ni noti mbili za freti moja kwenye nyuzi jirani, kwa mfano uzi wa tatu freti ya 7 kisha uzi wa pili freti ya 7. Ukilaza kidole kibane zote mbili, zitalia pamoja. Ukikiinua na kukipeleka, utakatika. Kinachotakiwa ni kukibingirisha: anza kwa ncha juu ya uzi wa tatu, kisha kiangushe kidole polepole ili nyama ya nyuma ya ncha ibane uzi wa pili huku ncha ikilegea juu ya wa tatu bila kuuacha. Kurudi, unakibingirisha kinyume. Mwanzoni kinauma na kinatia hasira. Mimi kilinichukua miezi, na bado siku nyingine kinanikataa.

Hatua ya nne: unapovuta uzi

Kuvuta uzi ili noti ipande ndipo ulinzi hujaribiwa kwa kweli. Bana uzi wa pili, freti ya 8, kwa kidole cha pete, cha kati na cha shahada vikiwa nyuma yake kukisaidia, na uusukume kuelekea nyuzi nene hadi noti ifikie ile ya freti ya 10. Njiani utakutana na uzi wa tatu. Ukiuacha uingie chini ya ncha za vidole, utausokota, na ukirudisha mkono uzi huo utafyatuka na kulia kwa nguvu kuliko noti yenyewe.

Ncha za vidole ziusukume uzi wa tatu mbele yake, zikiwa zimeugusa muda wote. Kidole cha shahada kiende mbali zaidi, ncha yake ilale juu ya wa tatu na hata wa nne. Kiganja kinafunika wa nne, wa tano na wa sita. Uzi wa kwanza uko chini ya tumbo la kidole cha shahada, lakini mara nyingi kidole hujikunja wakati wa kuvuta na kuuacha wazi. Ukisikia E nyembamba ikivuma nyuma ya mvuto wako, umeupata mwizi.

Kurudisha nako kuna adabu yake. Kama hutaki mlio wa noti ikishuka, izime ikiwa bado juu, kwa kuushusha ukingo wa kiganja juu yake, halafu ndipo ulegeze mkono. Ukilegeza kwanza, watu wote watasikia.

Kodi

Kwenye kodi za uzi wazi adui ni mmoja au wawili, nao ni nyuzi nene. C inaanzia uzi wa tano: kidole cha pete kilicho freti ya 3 kisogeze ncha mpaka imguse wa sita. A nayo inaanzia wa tano lakini hakuna kidole karibu, kwa hiyo dole gumba la mkono wa shingo linachungulia juu ya shingo na kuugusa wa sita. D vilevile. Tena kwenye D uzi wa tano ukilia si dhambi, maana A ni noti ya kodi hiyo. Hata E ya uzi wa sita ni mwanafamilia wa kodi ya A. Tatizo lake ni uzito, kwani besi isiyo mzizi (noti inayoipa kodi jina lake) huifanya kodi ionekane imeegemea ukuta.

Si kila mkono unafikisha dole gumba. Shingo ya gitaa la umeme huwa na upana wa milimita 42 au 43 pale mwanzoni, ya gitaa la klasiki karibu 52. Tofauti hiyo ya sentimita moja ndiyo inayomfanya mtu aone ana mkono mbovu kumbe ana gitaa pana. Usilazimishe. Tumia ncha ya kidole kilicho karibu, au usiupige tu uzi huo.

Kodi za noti mbili, zile wapigaji wa rock wanazoziita pawa kodi, ni darasa zuri sana. Kidole cha shahada uzi wa sita freti ya 5, cha pete uzi wa tano freti ya 7. Laza cha shahada kiguse wa nne hadi wa kwanza, na cha pete nacho kilale ili uwe na mahali pawili pa kugusa, maana uko palepale kwenye mtego wa harmoniki. Mzizi ukihamia uzi wa tano, ncha ya cha shahada inaongezewa kazi ya uzi wa sita. Ukishapata hapo, piga nyuzi zote sita kwa nguvu zako zote. Zisikike mbili tu.

Oktava (noti mbili za jina moja, moja nzito na moja nyembamba) ni hatua moja zaidi, kwa kuwa uzi wa kuzimwa uko katikati. Cha shahada uzi wa tano freti ya 3, cha pete au kidogo uzi wa tatu freti ya 5. Ncha ya cha shahada inamgusa wa sita, tumbo lake linamgusa wa nne bila kuukandamiza, na urefu wake uliobaki unawafunika wa pili na wa kwanza. Wes Montgomery, mpiga gitaa wa jazi, alizipiga oktava hizi kwa dole gumba bila piki, na usafi wake ulitegemea mkono wa shingo kama unavyotegemea wako. Kumbuka kwamba ukihamia uzi wa nne na wa pili, au wa tatu na wa kwanza, umbali kati ya vidole unakuwa freti tatu badala ya mbili.

Mpiga funk anageuza jambo lote hili kuwa ngoma: analegeza kodi bila kuondoa vidole, mkono wa piki ukaendelea, na "chka-chka" inayotoka ndiyo mdundo. Sikiliza Nile Rodgers, mpiga gitaa wa bendi ya Chic, anavyopiga. Mkono wa piki hausimami, mkono wa shingo ndio unaoamua lini kuna noti na lini kuna mkwaruzo.

Bila piki, na kwenye besi

Anayepiga kwa vidole hana kiganja kilicholala, kwa hiyo dole gumba la kupigia ndilo mlinzi wa nyuzi nene. Ukitoka kodi ya E kwenda A, uzi wa sita utaendelea kuvuma chini ya A usipouzima. Baada ya kupiga wa tano, rudisha dole gumba kidogo mgongo wake umguse wa sita. Ukienda upande wa pili, kutoka wa tano kwenda wa sita, piga wa sita kwa dole linalotua juu ya wa tano. Pigo moja linafanya kazi mbili.

Besi ina nyuzi nene zinazovuma kwa muda mrefu, na mchoro wake mzuri ni dole gumba linalohama. Ukipiga uzi mnene kabisa dole liko juu ya pikapu (kile kinasa mlio kilicho chini ya nyuzi). Ukihama, dole linahama nawe, likilala juu ya nyuzi ulizoziacha. Kidole kinachopiga nacho kinatua juu ya jirani mnene na kumzima. Nyuzi nyembamba ni za mkono wa shingo, kama kawaida.

Vifaa, na mipaka yake

Kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja si uhuni wa wanaoanza. James Jamerson, mpiga besi wa Motown, alikuwa na sponji chini ya kifuniko cha daraja la Fender Precision yake. Fender Jaguar iliyotoka mwaka 1962 ilikuja na kizimio chake cha springi kiwandani. Ila hivi hufupisha mlio wa nyuzi zote, ikiwemo unayoitaka.

Kwa wanaopiga kwa mikono yote miwili juu ya shingo, ambapo hakuna mkono wa kulinda, kibanio cha nywele cha kitambaa kikivingirishwa kwenye freti ya kwanza huzima nyuzi wazi zote. Studio nakitumia bila aibu. Kwenye mazoezi nakitoa, maana kinaficha makosa ambayo ndiyo niliyokaa chini kuyatafuta. Kumbuka pia kwamba kikiwepo huwezi kupiga uzi wazi.

Kile kifaa cha kukata kelele kwenye mnyororo wa pedali nacho hakichukui nafasi ya mikono. Kinafunga mlango ukinyamaza. Ukipiga, mlango unafunguka na kelele zote zinapita pamoja na noti.

Mazoezi

Dakika 10 kwa siku zinatosha, lakini distosheni iwe juu kuliko unavyoipenda. Kufanyia mazoezi haya sauti safi ni kufagia gizani.

Weka metronomu mapigo 60 kwa dakika. Piga noti kwenye pigo la kwanza, nyamaza kabisa kwenye la pili, noti, kimya, noti, kimya. Kimya ndicho unachokisikiliza. Panda skeli yoyote unayoijua, uzi kwa uzi, na kila unapohama uzi simama uulize: sita nani? Tano nani? Kama huna jibu, usiendelee.

Kisha lifanye la ajabu: shika noti moja uzi wa tatu, na upige nyuzi zote sita kwa piki kwa mkupuo. Itoke noti moja na mkwaruzo mbele yake. Uzi mwingine ukilia, umeonyeshwa hasa ni mlinzi gani alilala. Fanya hivyo kwenye kila uzi. Wa nne na wa tatu zitakuja haraka. Wa kwanza utakusumbua, kwa kuwa mkono wa piki unabeba nyuzi nne.

Mwisho, jirekodi kwa simu, gitaa peke yake bila wimbo wa kusindikiza, usikilize kesho yake. Leo utasikia ulichokusudia.

Na usizime kila kitu kila mahali. Kodi za uzi wazi zilizovunjwa noti moja moja kwenye gitaa kavu zinaishi kwa mvumo huo. Ukizilinda kama solo ya distosheni zinakauka. Kuzima ni uamuzi wa kila noti.

Ukizima nyuzi zote sita na bado kuna mlio

Hii hutokea, na mtu huwa tayari kujilaumu. Funika nyuzi zote kwa mikono miwili, kisha gonga mwili wa gitaa kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mwangwi mwembamba wa chuma, tafuta penye nyuzi ambazo vidole havifiki: kipande kifupi kati ya mwanzo wa shingo na vigingi vya kukazia, kipande kilicho nyuma ya daraja kwenye gitaa kama Jazzmaster, na springi zilizo ndani ya mgongo wa gitaa lenye daraja la kutikisa. Weka kidole juu ya kimoja kimoja huku ukigonga tena. Kitakachonyamazisha mwangwi ndicho chenyewe. Kitambaa kilichosokotwa kati ya nyuzi kichwani kinatosha kwa cha kwanza. Kwa springi, fungua kifuniko cha nyuma na upenyeze kipande chembamba cha sponji chini yake, kisikaze kiasi cha kuzuia daraja lisirudi mahali pake.